Baada ya Joho: Malezi ya Watafiti Chipukizi Chini ya Mlima Meru

Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi hupita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, maeneo yaliyo miguuni pa Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Tengeru ndipo ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 kwa ajili ya masomo ya umahiri na uzamivu. Kaulimbiu yake inasema kwamba taaluma ni kwa ajili ya jamii na viwanda. Mbele kidogo ya barabara hiyohiyo kuna vijiji ambavyo wakazi wake wengi, vijana kwa wazee, wana meno yenye madoa ya kahawia, na baadhi yao mifupa iliyopinda, kwa sababu ya madini ya floraidi yaliyomo katika maji wanayokunywa tangu utotoni.

Sayansi ya tatizo hilo inajulikana kwa miongo kadhaa, na dawa yake kadhaa zimekwisha kugunduliwa. Hata hivyo madoa yangalipo. Sehemu ya sababu ni umaskini na uhaba wa vyanzo safi vya maji. Sehemu nyingine huzungumzwa kwa nadra: mtafiti anapohitimu shahada ya uzamivu, mara nyingi huachwa peke yake katika miaka ileile ambayo ujuzi wake ungeweza kufika nyumbani kwa mwananchi. Makala haya yanaeleza miaka hiyo ni ipi, msaada unaohitajika ni upi, na kwa nini jambo hilo linamhusu mhudumu wa afya wa zahanati pamoja na mgonjwa anayeketi kwenye benchi akisubiri zamu yake.

Cheo kisicho na jina

Kiswahili hakijapata neno moja la kumwita mtu aliyekwisha kutunukiwa uzamivu lakini bado hajawa kiongozi kamili wa utafiti. Wengine humwita mtafiti wa baada ya uzamivu, wengine mtafiti chipukizi. Kijijini huitwa daktari tu, na akijitambulisha hivyo huonyeshwa goti linalouma. Ukosefu huo wa jina unafanana na ukosefu wa nafasi yenyewe katika vyuo vyetu vingi.

Ulaya na Marekani, kipindi hicho ni ajira ya mkataba. Mhitimu huajiriwa kwa miaka miwili, mitatu au zaidi katika maabara ya mtafiti mkongwe, hufanya utafiti kwa muda wake wote, huchapisha matokeo, na hujifunza kusimama mwenyewe. Nchini Tanzania hali ni tofauti. Mhitimu wengi wao tayari ni waajiriwa: wahadhiri wasaidizi waliopewa ruhusa ya masomo, madaktari wa hospitali za rufaa, au maofisa wa wizara. Siku ya pili baada ya kuvua joho hurudi kwenye meza ileile. Hapo husubiriwa na madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha, zamu za wodini na vikao vya kamati. Utafiti aliouanza hubaki katika kompyuta na katika jokofu la sampuli, ukingojea mwisho wa juma ambao haufiki.

Yapo pia matatizo ya fedha. Ruzuku iliyogharimia uzamivu huisha pamoja na uzamivu. Ruzuku kubwa za kimataifa hutolewa kwa watu waliokwisha kuongoza miradi, nao huwezi kuongoza mradi bila ruzuku. Mtafiti hujikuta mbele ya mlango ambao ufunguo wake umo ndani. Wapo wanaoondoka nchini, wapo wanaohamia kazi za ushauri wa muda mfupi kwa mashirika, na wapo wanaobaki wakifundisha vizuri lakini hawatafiti tena.

Swali lisilokwisha kwa miaka mitatu

Floraidi inaonyesha vizuri hasara inayotokana na pengo hilo. Madini haya hutoka katika miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru na ya volkano nyingine za Bonde la Ufa. Maji yapitayo katika miamba hiyo huyayeyusha na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika baadhi ya vyanzo vya wilaya ya Arumeru kiwango huzidi miligramu 10, na Tanzania yenyewe kwa muda mrefu ililazimika kuruhusu kiwango kikubwa kuliko cha kimataifa kwa kuwa sehemu nyingi zisingekuwa na chanzo kingine cha maji.

Kuna ukweli mchache ambao kila mhudumu wa afya wa eneo hili anapaswa kumweleza mzazi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haigusi floraidi. Magadi yanayotiwa katika makande au maharage ili yaive upesi huweza kuongeza floraidi mwilini. Meno ya kudumu huharibika yanapokuwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo wa maisha. Kwa hiyo mtoto mdogo ndiye wa kwanza kutafutiwa maji salama, hata kama familia nzima haiwezi kuyapata.

Miongoni mwa tiba za maji hayo ni makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa moto uliodhibitiwa, kisha husagwa na kuwekwa katika ndoo ya chujio. Moto ukiwa mdogo, maji hutoka na harufu na ladha mbaya. Ukizidi, makaa hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara ya maji, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Chujio hili lina kasoro moja kubwa: huchoka bila kutoa dalili. Makaa yakishajaa, maji huendelea kutoka meupe na yenye ladha ileile, ilhali floraidi inapita. Mwenye nyumba hawezi kujua bila kipimo.

Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitatu au minne. Katika muda huo anaweza kuthibitisha kwamba chujio fulani linafanya kazi maabarani, na pengine katika kaya chache. Maswali yaliyobaki yanahitaji muda mrefu zaidi. Je, mwaka wa tatu kaya bado zinalitumia? Nani anabadilisha makaa, na kwa bei gani? Familia ambayo imani yake hairuhusu maji kupita katika mifupa ipewe nini? Watoto waliozaliwa baada ya chujio kufika wana meno ya namna gani? Hakuna tasnifu inayoweza kumaliza maswali hayo. Hiyo ndiyo kazi ya miaka ya baada ya uzamivu, na mtafiti asipopewa miaka hiyo, kaya hubaki na ndoo iliyochoka.

Mfano wa mafanikio upo Tengeru penyewe. Dkt. Askwar Hilonga, aliyesomea uhandisi wa kemikali hadi uzamivu nchini Korea Kusini na kurudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zinazotengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwamo. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Fedha hizo ziliandikwa sana magazetini. Jambo lililoandikwa kidogo ni kwamba waliofika hatua ya mwisho walipewa kwanza miezi kadhaa ya mafunzo na walezi: namna ya kupanga bei, kulinda ubunifu, kuzungumza na mwekezaji na kumfikia mteja. Kemia alikuwa nayo tayari. Alichoongezewa ni yale ambayo maabara haifundishi, na ndiyo yaliyosaidia chujio kufika kwenye vibanda vya kuuzia maji.

Homa ambazo si malaria

Mfano wa pili unatoka wodini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Vipimo vya kina vilionyesha kwamba malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 1.6 tu. Zaidi ya robo walikuwa na maambukizo ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, kama vile leptospirosisi, homa ya Q na bruselosisi, ambayo katika orodha ya madaktari hayakuwapo kabisa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na yalibadili namna homa inavyofikiriwa katika eneo lote la kaskazini, ambako watu wengi huishi karibu na mifugo yao.

Vipimo vya namna hiyo huhitaji damu mara mbili: ya kwanza siku mgonjwa anapolazwa, ya pili wiki nne hadi sita baadaye, ili kuona kama kinga ya mwili dhidi ya ugonjwa fulani imepanda. Mgonjwa aliyepona asiporudi, jibu lake hupotea. Ndiyo maana mtafiti anayejua maabara lakini hajafundishwa kuongea na mgonjwa, kupanga nauli, kumwandaa muuguzi wa kliniki na kutunza daftari la ufuatiliaji, hupata nusu ya majibu. Stadi hizo ndizo huitwa maendeleo ya kitaaluma, ingawa kwa masikio ya wengi jina hilo huleta picha ya warsha hotelini na cheti cha mahudhurio.

Malezi yenyewe ni nini

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo haikomei kwa watoto. Malezi ya mtafiti chipukizi yana nguzo chache ambazo programu zilizofaulu Afrika Mashariki zimezirudia.

Nguzo ya kwanza ni muda uliolindwa. Chuo hukubali kwa maandishi kwamba sehemu maalumu ya wiki ya mtafiti haitaguswa na madarasa wala vikao. Bila hilo, nguzo nyingine zote huanguka. Nchini Uingereza mkataba wa kitaifa wa maendeleo ya watafiti, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2019, unazitaka taasisi zimpe kila mtafiti angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza kitaaluma. Kwa mhadhiri wa Arusha mwenye madarasa mawili na zamu za kliniki, siku 10 zingekuwa mwanzo mwema.

Nguzo ya pili ni mlezi, na huyu si lazima awe aliyesimamia tasnifu. Msimamizi wa zamani ana maslahi yake katika utafiti ule. Mlezi mzuri anaweza kumwambia kijana ukweli kwamba wazo lake ni zuri lakini si lake, na kwamba ni wakati wa kutafuta swali lake mwenyewe. Nguzo ya tatu ni ruzuku ndogo ya kuanzia, ya kutosha kukusanya data za awali zitakazotetea andiko kubwa. Nguzo ya nne ni mafunzo ya uongozi: kutengeneza bajeti, kuajiri wasaidizi, kufuata sheria za ununuzi wa umma, kuhifadhi sampuli umeme unapokatika, kuomba vibali vya maadili, na kuandika kwa lugha ambayo mkurugenzi wa halmashauri ataielewa kwa kurasa mbili.

Programu zilizojaribu kujenga nguzo hizo zipo. Mtandao wa THRiVE, ulioanza mwaka 2009 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Makerere, ulikihusisha chuo cha tiba cha KCMC mjini Moshi katika kuwalea watafiti wa afya wa ngazi ya uzamivu na baada yake. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwapa wahitimu wake ruzuku ya kurejea kazini, ili safari ya kurudi kwenye meza ya zamani isiwe mwisho wa utafiti. Kilifi, kituo cha utafiti wa tiba kilichoanza mwaka 1989 kimejenga ngazi nzima, kuanzia kijana wa mafunzo ya vitendo hadi kiongozi wa kikundi cha utafiti. Ubia wa Ulaya na nchi zinazoendelea wa majaribio ya tiba, ulioanzishwa mwaka 2003, hutoa ufadhili unaomkuta mtafiti katika taasisi yake ya Afrika badala ya kumhamishia ugenini.

Programu hizo zinafanana katika jambo moja: hazikumtenga mtafiti na chuo chake. Zilidai ofisi ya ruzuku inayofanya kazi, maktaba yenye majarida, na mkuu wa idara anayeelewa kwamba saa za utafiti si saa za mapumziko.

Nani agharimie?

Udhaifu wa mpango huu unajulikana. Sehemu kubwa ya fedha hutoka nje. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake ya maendeleo kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake la taifa, na miradi ya utafiti iliyokuwa katikati ya njia ilipunguziwa bajeti. Mwaka 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utaratibu wa zamani wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje ya nchi hiyo. Mabadiliko ya namna hii huwapata kwanza watu wa katikati. Profesa ana ajira ya kudumu na mwanafunzi ana ada iliyokwisha kulipwa. Mtafiti wa mkataba ndiye hufungasha.

Serikali za Afrika ziliazimia kutumia angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, lengo ambalo nchi nyingi bado hazijalifikia. Tanzania ina vyombo vya kulisimamia: Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri. Kusomesha ni hatua kubwa. Lakini kila mhadhiri anayerudi na uzamivu ni deni jipya kwa chuo chake: deni la muda, la mlezi na la fedha ya kuanzia. Bajeti inayohesabu wahitimu bila kuhesabu miaka mitano inayofuata inalima shamba bila kupanga palizi.

Si kila hatua inahitaji fedha nyingi. Chuo kinaweza kuwagawia watafiti chipukizi walezi kutoka vyuo jirani, maana kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi. Kinaweza kuwapunguzia madarasa katika mwaka wa kwanza baada ya uzamivu, na kuhesabu ushauri uliotumiwa na halmashauri kuwa kazi ya kitaaluma wakati wa kupandisha vyeo. Kinaweza pia kuweka kikao cha kila mwezi ambamo maandiko ya kuomba ruzuku husomwa na wenzao kabla ya kutumwa. Andiko lililosomwa na watu watano wakali nyumbani huwa na nguvu zaidi mbele ya wageni.

Nafasi ya mhudumu wa afya na ya mgonjwa

Wahudumu wa afya wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, wa vituo vya afya na wa zahanati za vijijini hukutana na watafiti hawa mara nyingi kuliko wanavyodhani. Mtafiti mchanga huhitaji swali la kweli, na swali hilo liko katika rejista ya wagonjwa wa nje. Muuguzi anayeona homa zisizopona kwa dawa ya malaria, au daktari wa meno anayeona mabadiliko kati ya watoto wa kitongoji kimoja na kingine, ana jambo ambalo halijaandikwa katika jarida lolote. Kuliandika kwa ufupi na kulipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa chuo kilicho karibu ni mchango wa kisayansi. Mhudumu naye ana haki ya kudai kitu: arudishiwe matokeo, na jina lake litajwe pale alipochangia kwa kweli.

Mgonjwa au mkazi anayeombwa kushiriki anapaswa kujua haki zake. Utafiti wa afya unaohusisha watu ni lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, na mtafiti halali hataona haya kukionyesha. Mshiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ya kuuliza, ya kukataa, na ya kujitoa katikati bila kupoteza huduma yake ya kawaida. Ana haki pia ya kuuliza swali ambalo watafiti wengi huwa hawalitarajii: «Mtarudi lini kutuambia mlichokiona?»

Swali hilo huulizwa sana katika vijiji vilivyochukuliwa sampuli za maji mara nyingi bila jibu kurudi. Mara nyingi mtafiti hakukusudia kudharau watu. Mkataba wake uliisha, au alirudishwa darasani, au fedha ya mafuta ya gari haikuwamo katika bajeti kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuiweka. Chuo kinachowalea watafiti wake kwa miaka inayofuata joho kinaliwezesha jibu hilo kurudi: kwa mama anayetaka kujua kama ndoo yake ya chujio bado inafaa, na kwa mgonjwa aliyepona homa, aliyepanda daladala wiki ya tano kuja kutoa damu ya pili, na anayestahili kuambiwa aliugua nini.